Usitupe Bomba la Zamani

Labda nyumbani kwenu Mutoshi baba aliacha Peugeot 404. Usiicheke: gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki 1963, 1966, 1967 na 1968. Leo linanguruma kama mashine ya kusaga unga, na fundi anasema atoe bomba lote la moshi, aweke la kutengeneza mwenyewe. Ngoja kwanza.

Angalia kolekteri, kile kichuma kizito kinachopokea moshi wa silinda zote. Kile cha kiwandani kinakaa sawa juu ya matundu ya motere. Kimepasuka? Ni chuma cha kumiminwa. Ukikisude kingali baridi, kitapasuka tena pembeni. Fundi anayejua anatoboa katundu mwisho wa ufa, anapasha chuma chote moto, anasude na fimbo ya nikeli, halafu anakifukia ndani ya majivu kipoe polepole. Nati ziwe za shaba, maana zile za chuma zinang'ang'ania kwa kutu. Sisi tunaoishi juu ya shaba, tunafunga za chuma!

Huko Marekani, wenye Pontiac GTO ya 1964 wanatafuta kolekteri yenye namba zake za kiwandani, kwa heshima ya gari. Sisi tuna sababu ingine. Ufa ule unapitisha monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watoto wanalala kiti cha nyuma, mama anafikiri ni usingizi wa safari. Kichwa kikiuma garini, simamisha, zima motere, wote washuke.