Fimbo ya rada isiyofaa huzaa kipimo cha uongo

ALFAJIRI ya Desemba 11, 2005, tangi la petroli lilifurika katika bohari ya mafuta ya Buncefield, Uingereza, na kuzua mlipuko uliojeruhi zaidi ya watu 40. Uchunguzi ulibaini kuwa kipimo cha tangi hilo kilikuwa kimekwama: kwa zaidi ya saa mbili kilionyesha kiwango kilekile huku mafuta yakizidi kumiminwa. Swichi ya tahadhari nayo haikufanya kazi.

Kipimo hicho kilitegemea sehemu zinazosogea. Rada ya fimbo haina sehemu hizo. Hutuma mawimbi kupitia fimbo ya chuma iliyozamishwa tangini. Yanapogusa kiowevu, baadhi hurejea, na muda wa safari hiyo hugeuzwa kuwa umbali.

Hata hivyo, si kila fimbo hufaa kila tangi. Maji, ambayo kima chake cha dielektriki ni 80 hivi, hurudisha mwangwi wenye nguvu. Mafuta, ambayo kima chake hukaribia 2, hurudisha mnong'ono tu. Kwa mafuta safi, fimbo iliyofunikwa na bomba lake huzuia mawimbi yasitawanyike. Lakini ole wake aitumiaye katika molasi au lami! Uchafu hunata kati ya fimbo na bomba, na kifaa kikaishia kupima uchafu huo. Humo hufaa fimbo moja iliyo wazi. Tangi refu huhitaji waya wenye uzito mwishoni, nayo asidi kali hudai fimbo iliyovikwa plastiki isiyoliwa.

Mtihani mgumu zaidi ni boila. Mvuke wenye shinikizo kubwa hupunguza kasi ya mawimbi; yanapochelewa kurudi, kifaa hudhani maji yako chini kuliko yalivyo. Mhudumu akiongeza maji kwa kuamini kipimo hicho, huenda yakasombwa na mvuke hadi kwenye mtambo wa umeme na kuuharibu.

Ndiyo maana fimbo za boila huwekwa alama ya chuma mahali panapojulikana, juu ya maji. Kifaa hupima jinsi mwangwi wa alama hiyo unavyochelewa, kisha hurekebisha hesabu. Vizibo vyake huwa vya kauri na grafiti, kwani plastiki haihimili joto hilo. Sharti ni moja: maji yasifike kwenye alama, hivyo mnunuzi apime kwanza nafasi iliyoko juu.