Matamshi ya Majina Mageni Katika Michezo ya Njozi

Mchezo wa njozi wa kuigiza wahusika uliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Wachezaji huketi pamoja kwa saa kadhaa. Mmoja wao, mwendesha mchezo, husimulia ulimwengu na hatari zake. Kila mmoja wa waliobaki hujitwalia mhusika, akamsemea na kumwamulia la kufanya, na dadu zikaonyesha kama amefaulu. Mchezo wote huchezwa kwa mdomo, lakini maneno yake hutoka vitabuni. Kijana husoma jina la dubwana akiwa peke yake chumbani, akalizoea kwa miezi kadhaa bila kumsikia mtu akilitamka, kisha siku ya kucheza akakuta mwenzake amelisoma vingine kabisa.

Kwa wachezaji wanaozungumza Kiingereza, tatizo huanzia kwenye tahajia yao, ambamo herufi zile zile huwa na sauti zaidi ya moja. Drow, elfi wa chini ya ardhi ambao Gygax aliwaingiza katika mchezo mwaka 1978, ndio mfano unaobishaniwa zaidi. Wanaofuata neno la Kiingereza la ng'ombe husema “drau”, na wanaofuata neno la theluji husema “dro”. Tahajia inawaruhusu wote. Lich, mchawi aliyeendelea kuwako baada ya kufa kwa nguvu ya uganga wake, huitwa “lik” na baadhi ya wachezaji, ingawa hapa historia inatoa jibu. Neno hilo ni la Kiingereza cha kale, maana yake maiti, na lingali hai katika jina la lango lenye paa la makaburi ya makanisa ya Uingereza, ambapo jeneza lilipumzishwa kumsubiri kasisi. Langoni na mezani, ch yake ni ile ya “chakula”.

Mwezi Januari 1985, jarida la Dragon, toleo la 93, lilichapisha mwongozo wa matamshi ulioandikwa na Frank Mentzer, mmoja wa wahariri wa mchezo huo. Humo wasomaji wengi walijifunza kwamba bulette, mnyama mwenye magamba anayechimba ardhi kama fuko, hutamkwa “bulei”, kwa lafudhi ya Kifaransa. Mwongozo huo ulisaidia, lakini haukumaliza ubishi, wala haukuweza kuumaliza. Wachezaji walikuwa wametawanyika katika miji mingi, kila kundi likiwa na mazoea yake, na hakuna aliyekuwa tayari kuacha jina alilolizoea tangu utotoni kwa sababu ya ukurasa mmoja wa jarida.

Kwa hiyo mamlaka ya kweli yakabaki kwenye kundi. Desturi iliyoenea ni kwamba mwendesha mchezo, kwa kuwa ndiye anayemtaja kiumbe kwanza, ndiye anayefuatwa. Mgeni husikiliza na kuiga kwa muda wote anaocheza na kundi hilo. Jina la mhusika, kwa upande mwingine, ni mali ya aliyemuumba. Akisema mkazo uko kwenye silabi ya mwisho, basi uko hapo, hata kama maandishi yanaonyesha vingine. Kumkatiza mtu katikati ya masimulizi ili kumsahihisha huhesabiwa utovu wa adabu, na ni haki, kwa sababu anayekosea mara nyingi ni yule aliyesoma sana bila mtu wa kuzungumza naye. Jina likiwa gumu kupita kiasi, kundi hulifupisha au hulipa la utani.

Baadhi ya waandishi walijali sana sauti za maneno yao. J. R. R. Tolkien, msomi wa lugha aliyeathiri karibu michezo yote ya aina hii, aliweka kanuni za matamshi katika nyongeza ya The Return of the King, mwaka 1955. Kwake c daima ni k, hivyo Celeborn huanza kwa “ke”. Dh ni ile ya “dhahabu”. Msomaji wa Kiswahili huzipata irabu zake bila shida, ila mkazo humponyoka: Denethor huwekewa mkazo kwenye silabi ya kwanza, si ya pili kutoka mwisho. H. P. Lovecraft alifanya kinyume. Jina Cthulhu, alilolichapisha mwaka 1928, alilitunga ili koo la binadamu lisiliweze, na wachezaji wa Call of Cthulhu, mchezo uliotolewa na Chaosium mwaka 1981, wameridhika na “kathulu”.

Majina yaliyochukuliwa kutoka lugha zilizo hai yanastahili uangalifu zaidi, maana hayo yana wenyewe. Rakshasa ni la Kisanskriti na masimulizi ya Kihindi. Couatl limetokana na neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki ambayo bado inazungumzwa Meksiko, lenye maana ya nyoka. Djinni na efreeti ni ya Kiarabu, na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki huyatambua mara moja kuwa jini na afriti. Ile d ya mwanzo imetoka katika tahajia ya Kifaransa, ambamo j peke yake isingetoa sauti ya Kiarabu. Wala haihitaji kutamkwa mbali na j.

Desturi imeendelea kubadilika kadiri masikio yanavyopata nafasi. Filamu za Peter Jackson, kuanzia mwaka 2001, ziliwafanya mamilioni ya watu wayasikie majina ya Tolkien, na kipindi cha Critical Role, kilichoanza mwaka 2015 kikichezwa na waigizaji wa sauti, kimewapa wachezaji wapya matamshi kabla ya tahajia. Wachapishaji nao wamejirekebisha. Journeys Through the Radiant Citadel, kitabu cha mwaka 2022 chenye visa vilivyochotwa katika tamaduni mbalimbali za dunia na kuandikwa na waandishi wenye asili katika tamaduni hizo, kina majedwali ya kuonyesha jinsi ya kutamka majina yaliyomo, ili mwendesha mchezo ayajue kabla ya kuketi na wenzake.