Kenny Washington: NFL ilimfungulia mlango magoti yakiwa yameshachoka

Uliza nani alivunja ubaguzi wa rangi kwenye michezo ya Marekani, wengi watakutajia Jackie Robinson, aliyeingia ligi kuu ya besiboli mwaka 1947.

Kwa besiboli, sawa. Lakini kwenye futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa helmeti na mpira wa umbo la yai, kuna jamaa alimtangulia kwa mwaka mzima. Tena walicheza timu moja chuoni.

Anaitwa Kenny Washington.

Alikuwa nani?

Alizaliwa Los Angeles, Agosti 31, 1918, na akasoma chuo kikuu cha UCLA, hapo hapo jijini. Uwanjani alikuwa kila kitu: anakimbia na mpira, anarusha pasi, na wapinzani wakiwa na mpira anabaki kukaba.

Msimu wa 1939 timu yake ilicheza dakika 600. Yeye alikuwa uwanjani dakika 580. Mwaka huo hakuna mchezaji wa vyuo nchi nzima aliyesogeza mpira umbali mrefu kumzidi, ukijumlisha mbio na pasi.

Miaka mingi baadaye Robinson aliandika kwamba hajawahi kuona mchezaji wa futiboli bora kuliko Kenny.

Sasa kwa nini NFL haikumchukua?

Kwa sababu alikuwa mweusi. Tangu 1934 hadi 1945, misimu 12, hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyecheza NFL. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa popote. Wamiliki wa klabu hawakusajili weusi, basi, na hakuna aliyewauliza.

Kenny akajiunga na polisi wa Los Angeles, huku akicheza ligi ndogo ya Pwani ya Magharibi na timu ya Hollywood Bears. Huko ndiko magoti yake yalikoharibikia. Akapasuliwa zaidi ya mara moja.

Nini kilibadilika?

Uwanja.

Januari 1946 klabu ya Rams, iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa NFL, iliamua kuhama Cleveland kwenda Los Angeles. Ilitaka kutumia Coliseum, uwanja mkubwa wa umma uliobeba Olimpiki ya 1932.

Waandishi wa magazeti ya watu weusi wakaiona nafasi. Mmoja wao, Halley Harding, alisimama mbele ya bodi ya uwanja akatoa hoja rahisi: uwanja umejengwa kwa kodi za wote, wakiwemo weusi, basi timu inayobagua isipewe. Na jina la Kenny likatajwa.

Rams wakajikuta hawana pa kutokea. Machi 21, 1946 Kenny akasaini mkataba. Baadaye mwaka huo huo akafuata Woody Strode, rafiki yake wa UCLA, ambaye baadaye aligeuka mwigizaji wa filamu.

Alifanya nini alipoingia?

Alikuwa na miaka 27, na magoti ya mzee. Alicheza misimu mitatu tu.

Hata hivyo, angalia 1947. Kwenye mchezo huu timu inapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10. Kenny, kila akipewa mpira akimbie, alisogeza wastani wa yadi 7.4, karibu mita 7. Siku moja dhidi ya Chicago Cardinals alikimbia yadi 92 bila kudakwa, karibu uwanja mzima.

Alistaafu baada ya msimu wa 1948. Mwaka 1956 aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa futiboli ya vyuo. Alifariki Juni 24, 1971, akiwa na miaka 52.

Hoja ya uwanja ilirudi tena

Klabu ya mwisho ya NFL kukubali weusi ilikuwa ya jiji la Washington, mwaka 1962. Unajua kilichowalainisha? Uwanja wao mpya ulikuwa kwenye ardhi ya serikali kuu, na serikali ya Rais Kennedy ikawaambia: mkiendelea kubagua, hamchezi hapa. Miaka 16 baadaye, hoja ni ile ile ya Harding.

Kwa hiyo siku ukikutana na takwimu za Kenny Washington kwenye NFL, utaona jumla ya yadi 859 za kukimbia. Utasema mbona chache. Kumbuka tu kwamba hesabu hiyo inaanza 1946, wakati yeye alikuwa tayari tangu 1940. Miaka sita ya ubora wake haipo kwenye takwimu hizo, na si yeye aliyeipoteza.