BAISKELI KUUKUU BADO NI MALI: TUITUNZE KWA MIKONO YETU

Ndugu wafanyakazi wa mashamba ya michikichi, wa vinu vya mawese na wa viwandani,

Katika toleo hili tunazungumza juu ya chombo ambacho wengi wetu tunakipanda kila siku, lakini wachache tu ndio wanaokitazama: baiskeli, au kinga kama tunavyoiita huku kwetu. Kutoka Nyanza-Lac mpaka Rumonge, na kutoka Rumonge kupita Minago, Magara na Kabezi mpaka Bujumbura, baiskeli ndiyo inayobeba mawese, ngazi, ndagala na muhogo. Inambeba pia mgonjwa kumfikisha zahanati. Tangu mwaka 2021, kila petroli ilipoadimika nchini na magari yakalala kwenye foleni za vituo, baiskeli haikusimama.

Lakini baiskeli zetu ni kuukuu. Nyingine baba alizinunua, akazipanda mpaka akazeeka, akamwachia mtoto. Mpya inameza mishahara ya miezi mingi. Basi hatuna njia ila kuzitunza hizi tulizo nazo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuanze na ufa.

UZITO TUNAOUBEBA

Kwanza tufanye hesabu. Lita moja ya mawese ina uzito wa karibu gramu 900. Bidoni ya lita 20 basi ni kilo 18. Mwenzetu anayefunga bidoni nne amebeba kilo 72, na akipanda mwenyewe mwenye kilo 60, jumla inakuwa kilo 132. Sehemu kubwa ya uzito huo inakaa juu ya gurudumu la nyuma peke yake. Baiskeli hizi zilitengenezwa kumchukua mtu na kifurushi chake, si kufanya kazi ya lori. Kwa hiyo tusishangae spoki zikikatika. Tushangae zikidumu bila kutunzwa.

SPOKI

Baiskeli nyingi za aina yetu, zenye tairi za 28 kwa inchi moja na nusu, zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Kila Jumapili igeuze baiskeli miguu juu, uziguse spoki moja moja kwa kidole kama unavyopiga nanga. Iliyokaza inalia, iliyolegea inanyamaza. Hiyo iliyonyamaza ikaze kwa robo mzunguko tu, usizidishe. Ikikatika moja usiiache, kwani zilizo jirani zinachukua mzigo wake, nazo zitafuata, halafu rimu inapinda.

Rimu ikiyumba, shika kijiti karibu nayo, ukiegemeza mkono kwenye uma, na uzungushe gurudumu. Mahali rimu inapogusa kijiti, hapo ndipo penye ugonjwa. Ikiwa imevutwa kulia, kaza spoki za upande wa kushoto na ulegeze kidogo za kulia. Fanya polepole. Rimu haikupinda siku moja, nayo hainyooki kwa dakika moja.

BREKI NDIYO ROHO YAKO

Hapa, ndugu zetu, tunawaomba msome mara mbili. Breki zetu nyingi ni za fimbo za chuma: ukivuta mkono, vipande vya mpira vinapanda na kubana rimu kwa ndani. Zina maadui wawili hapa kwetu.

Adui wa kwanza ni mvua. Rimu ya chuma ikilowa, breki hazishiki kama siku ya jua. Kabla ya kufika mteremkoni, gusa breki kidogo kidogo ukiwa bado juu, ili mpira ufute maji. Anayengoja mpaka bonde limfikie amechelewa.

Adui wa pili ni mzigo wetu wenyewe. Bidoni ikivuja, mawese yanashuka juu ya rimu, na breki inakuwa kama mkono uliopakwa sabuni. Funga vifuniko vizuri na uweke gunia chini ya bidoni. Rimu ikishika mafuta, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha uchukue msasa ukwangue mpira wa breki mpaka uso mpya utokee. Kufuta kwa kitambaa peke yake hakutoshi.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kifuko cha chuma kinachoshika mpira wa breki kina upande uliofungwa na upande ulio wazi. Ule uliofungwa lazima uelekee kule rimu inakokimbilia. Ukiufunga kinyume, siku utakapobana kwa nguvu ukiwa na kilo 132, mpira utachomoka na kubaki barabarani, na wewe utaendelea na safari bila breki.

USIPAKE MAWESE KWENYE MNYORORO

Kwa kuwa mawese yako karibu, wengi huyapaka kwenye mnyororo. Tuache tabia hiyo. Asubuhi ya baridi yanaganda, kama tunavyoyaona yakiganda ndani ya bidoni. Yakikaa hewani siku nyingi yananata, yanakamata vumbi na mchanga wa ufukweni, na mchanga unakula chuma kama tupa. Tumia oili ya injini, matone machache, kisha futa ya juu kwa kitambaa. Oili inayohitajika ni ile iliyoingia ndani ya viungo. Ukitumia oili iliyokwisha kutumika, iache itulie na uichuje, na unawe mikono vizuri, kwa maana inadhuru ngozi.

Ili kujua kama mnyororo umechoka, uvute unyooke, hesabu viungo 24 na uvipime kwa rula. Mnyororo mpya utakupa inchi 12 kamili, yaani karibu sentimita 30 na nusu. Ukiona umezidi kwa milimita 3, utoe. Mnyororo mzee unakula meno ya magurudumu yake, na hapo badala ya kununua kimoja utanunua vitatu.

GOLOLI NA MAJI YA ZIWA

Ziwa Tanganyika lilipofurika mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba za kando, hapa Rumonge na kwingineko. Baiskeli iliyozama haitoshi kuianika juani. Maji na mchanga hubaki ndani ya gololi, na kutu inafanya kazi kimyakimya. Ni hivyo hivyo kwa anayesukuma baiskeli majini kupakia ndagala.

Fungua kila mahali penye gololi, ukitandika kitambaa chini ili zisipotee. Zihesabu kabla ya kuzitoa, na usichanganye: za gurudumu la mbele ni ndogo kuliko za nyuma. Zioshe kwa mafuta ya taa, na zilizo na madoa uzitupe. Jaza grisi mpya, zirudishe, kisha kaza nati mpaka gurudumu lisiyumbe upande kwa upande, lakini lizunguke lenyewe bila kukwama. Gurudumu zuri ukiliinua linazunguka na kusimama polepole, sehemu nzito ikiwa chini.

MPIRA NA HISTORIA YAKE

Mpira wa baiskeli wa kujazwa upepo aliutengeneza John Boyd Dunlop mjini Belfast, na akauandikishia haki mwaka 1888. Dunia ikapenda baiskeli, na viwanda vya Ulaya vikataka mpira mwingi. Sehemu ya mpira huo ilitoka ng'ambo ya ziwa letu, katika ile iliyoitwa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, tangu 1885 hadi 1908. Wanavijiji walilazimishwa kwa bunduki kugema mpira misituni, na wengi walikufa au kukatwa mikono. Tunalikumbusha hili ili mfanyakazi ajue kwamba kila kitu anachokishika kina jasho la mfanyakazi mwingine ndani yake.

Sasa kiraka. Kwaruza mpira kwa msasa mpaka ukose mng'aro, paka solusheni nyembamba, kisha NGOJA. Wengi hubandika ikiwa bado mbichi, na kesho kiraka kinabanduka. Ikikauka usipoisikia ikilowesha kidole, bandika na ugonge. Na mawese yakimwagikia tairi yaoshe, maana mafuta hulainisha mpira na kuuharibu.

HAKI YETU NJIANI

Ndugu, kutunza baiskeli ni wajibu wetu, lakini wajibu si wetu peke yetu. Liko shamba moja tunalolijua ambapo mfanyakazi aliyepasuka tairi alifika amechelewa, akakatwa nusu ya siku. Mahali hapo hapakuwa na pampu hata moja, wala banda la kuweka baiskeli mvua inaponyesha. Kazi ikitegemea baiskeli za wafanyakazi, haki inataka mwenye kazi naye achangie. Banda la mabati, pampu na spana chache si gharama ya kumfilisi mtu. Madai hayo tuyapeleke kwa umoja, kwa maandishi, kupitia tawi.

Tukumbuke pia kwamba ajali inayompata mfanyakazi aliyeandikishwa INSS, akiwa katika njia yake ya kawaida kati ya nyumbani na kazini, huhesabiwa kuwa ajali ya kazi. Ikitokea, chukueni majina ya mashahidi, pateni karatasi ya daktari, na mhakikishe mwajiri anaitangaza bila kuchelewa. Mtu akivunjika mguu kisha akanyamaza, amevunjika mara mbili. Na asiyejua kama ameandikishwa, aulize leo, asingoje siku ya ajali.

SANDUKU LA TAWI

Spana za kila mtu ni ghali, lakini za watu thelathini ni rahisi. Tunapendekeza kila tawi liwe na sanduku moja lenye:

– pampu moja na spana za namba zinazotumika;
– ufunguo wa spoki, bisibisi, koleo na nyundo ndogo;
– msasa, solusheni na vipande vya mpira wa zamani;
– chupa ya oili, kopo la grisi na spoki za akiba.

Kila mmoja atoe mchango mdogo siku ya mshahara, na katibu aandike daftarini nani amechukua nini na amerudisha lini. Jumamosi mchana, baada ya kazi za jumuiya, tukutane chini ya mti, anayejua amfundishe asiyejua. Vijana na wanawake waje pia. Spana haichagui mkono. Hapo hapo tutazungumza na mengine: mishahara, mikataba, na mwenzetu aliye mgonjwa.

Tawi linaloweza kutunza spana kumi na daftari moja bila kugombana litaweza pia kusimama mbele ya mwajiri. Kwa hiyo kabla ya kulala leo, toka nje, inua gurudumu la nyuma, vuta breki, na uone kama linasimama. Kama halisimami, kesho usipakie.

Umoja ni nguvu!