Umefutwa Kazi, Umeletewa Pesa na Karatasi: Utie Sahihi?

Mara nyingi habari hii tunaipata jioni, kikundi kikiwa kimekaa kwa mchango. Mwanachama mmoja hana cha kutoa. Ukimwuliza, anatoa karatasi mfukoni. Amepigwa kalamu bila kosa lolote, na meneja amemwambia, "Kuna elfu arobaini hapa. Njoo Ijumaa utie sahihi tumalizane." Mwenye ploti anagonga mlango, watoto wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Anawauliza wenzake: nichukue, au niende kortini?

Sisi tunaotembelea vikundi vya Kibera na Kawangware tumeulizwa swali hili na watu wa viwandani, wale wanaofuata reli kwa miguu hadi Industrial Area, na pia na askari wa usiku na wafanyakazi wa nyumbani wa Lavington na Kileleshwa. Jibu moja la kuwafaa wote halipo. Lakini kosa tunaloliona ni lile lile: mtu anapima pesa aliyoletewa kwa njaa aliyo nayo, wala hapimi kwa haki yake.

TENGA PESA YAKO NA PESA YA KESI

Kabla ya kusema ndiyo au hapana, chukua kalamu. Kuna pesa ambayo ni yako hata kama hakuna kesi: siku ulizofanya kazi mwezi huu, likizo ambayo hukupewa (sheria inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka), na mshahara wa notisi kama hukupewa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, isipokuwa mkataba wenu umetaja muda mrefu zaidi.

Wacha tuseme askari analipwa 18,000 kwa mwezi, yaani kama 600 kwa siku. Amefanya kazi miaka minne. Mwezi huu alifanya siku 12: hiyo ni 7,200. Likizo ya mwaka mmoja hakupata: 12,600. Notisi, tuhesabu mwezi mzima: 18,000. Jumla ni 37,800. Sasa rudi kwa zile elfu arobaini. Mwajiri ameongeza 2,200 tu! Hiyo ndiyo bei aliyoweka kwa miaka minne na kwa kumfukuza mtu bila kumsikiliza. Zile nyingine alikuwa anamrudishia chake.

Tena kama hakuandikishwa NSSF wala mpango mwingine wa pensheni, kuna malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi. Mahakama zimezoea kuhesabu siku 15 kwa mwaka. Kwa huyu askari ni 36,000 nyingine, na hapo ile elfu arobaini haifiki hata deni lenyewe. Cheti cha kazi nacho ni haki yako. Mtu asikuuzie kwa sahihi.

JE, KESI YAKO INA NGUVU?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na athibitishe. Anayetaka kukufuta kwa sababu ya makosa, au kwa kuwa humudu kazi, lazima kwanza akueleze kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikilize majibu yenu. Hata anayedaiwa kuiba husikilizwa kwanza. Wengine huambiwa kwamba hawana haki hii kwa kuwa hawajamaliza miezi 13 kazini. Kifungu hicho kilikuwepo kweli, lakini Mahakama Kuu ilikitangua mwaka 2012.

Ukishinda, mahakama inaweza kukupa fidia ya mshahara usiozidi miezi 12. Usiozidi, tafadhali. Kuna watu hupiga hesabu ya miezi 12 na kuanza kununua mabati. Jaji huangalia miaka uliyofanya kazi, kama wewe mwenyewe ulichangia kosa, na kama unaweza kupata kazi nyingine, na wengi hupewa pungufu. Kwa askari wetu, miezi mitatu ingekuwa 54,000. Hiyo ndiyo ya kuweka kando ya ile 2,200.

Halafu toa uzito wa safari yenyewe. Una nini mkononi? Barua, hati ya mshahara, ujumbe wa M-Pesa wa kila mwisho wa mwezi, mwenzako atakayesimama kusema alichoona? Mashahidi wengi huogopa kwa kuwa bado wanakula hapo. Kesi huchukua muda mrefu, ukishindwa unaweza kuamriwa ulipe gharama za mwajiri, na ukishinda dhidi ya mtu aliyefunga duka akahama, umebaki na karatasi. Kwa maoni yetu, mwenye ushahidi mdogo akipewa haki zake zote pamoja na mshahara wa miezi miwili au mitatu juu yake, asione haya kukubali. Aliyeletewa haki zake tu akaambiwa huo ni msaada, asikimbilie kalamu.

ILE SAHIHI

Karatasi hizi huwa za Kiingereza, na karibu zote zinasema kwamba umelipwa kila kitu na hutadai tena. Usichukulie kwamba utaweka sahihi leo na kushtaki kesho. Mwaka 2013, katika kesi ya kampuni ya Thomas De La Rue, Mahakama ya Rufani ilisema karatasi kama hiyo peke yake haimwondolei mwajiri wajibu wake wa kisheria. Lazima iangaliwe kama mfanyakazi alitia sahihi kwa hiari na akijua yote. Lakini mwaka 2018, katika kesi ya Coastal Bottlers, mahakama hiyo hiyo ilisema makubaliano yaliyotiwa sahihi kwa hiari yanamfunga mfanyakazi. Kwa hiyo omba nakala, nenda nayo nyumbani, isomewe na mtu anayeelewa. Kama unachukua haki zako tu, andika hivyo juu ya sahihi yako: nimepokea mshahara, likizo na notisi, dai la kufutwa bado lipo. Mwajiri akikataa, umejua alikuwa ananunua nini.

Malalamiko kwa afisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi mitatu. Kortini una miaka mitatu. Tangu 2018 mahakimu walioteuliwa wanasikiliza kesi za wenye mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi. Asiye na wakili aulize Kituo cha Sheria, au chama chake. Wafanyakazi wa nyumbani wana KUDHEIHA.

Na vikundi je? Kinachomsukuma mtu kutia sahihi Ijumaa ni kodi ya Jumamosi. Kikundi kimoja cha akina mama Kawangware kilimkopesha mwenzao kodi ya mwezi mmoja, na katibu akakaa naye usiku mmoja kuandika hesabu. Jumatatu alirudi kwa mwajiri na ile karatasi ya hesabu, si na ile ya sahihi. Aliongezwa mshahara wa miezi miwili, akakubali, hakwenda kortini. Mkopo aliulipa kwa mafungu matatu.