Kofia Yangu Ilipopotea Lindoni

Wanawake wa rika langu waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa wakikutana harusini au msibani, hawakawii kurudi kambini kwa maneno. Mwenye kukumbuka mchakamchaka wa alfajiri atausimulia, na mwenye kukumbuka maharage ya kambi naye hanyamazi. Mimi hukumbuka kofia.

Jeshi hilo liliasisiwa tarehe 10 Julai, 1963. Sisi wahitimu wa kidato cha sita tulikwenda kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Mimi nilikwenda mwaka 1984, katika kambi moja ya Mkoa wa Pwani, nikiwa na sanduku lililojaa vitabu. Katika hanga letu walikuwamo pia wasichana wa kujitolea, wengi wao wa darasa la saba. Sisi wasomi tuliwadharau. Ni afadhali niseme kweli. Lakini shambani wao walimaliza matuta yao kabla jua halijawa kali, ilhali sisi tulibaki tukipuliza malengelenge ya viganja.

Usiku mmoja wa wiki ya tatu nilipangwa lindo la ghala la mahindi. Mchana tulikuwa tumefyeka, jioni tukapiga kwata, na ilipofika saa nane usiku usingizi ukanishinda. Nilipozinduka, kofia haikuwapo kichwani. Nikajua afande amepita.

Alfajiri, mbele ya kombania nzima, aliinyanyua juu akauliza, "Kofia hii ina mwenyewe?" Nikatoka mbele. Adhabu haikuwa yangu peke yangu: platuni yote iliruka kichurachura kuuzunguka uwanja wa gwaride, na mapumziko ya Jumapili yakafutwa. Hadi leo sijaafiki hesabu hiyo ya kumwadhibu aliyekesha kwa kosa la aliyelala, ingawa nakiri kwamba sikusinzia tena lindoni.

Kilichoniuma zaidi kilifuata hangani. Wasomi wenzangu walininunia. Kwa siku mbili hakuna aliyeitikia salamu yangu. Usiku wa pili nikafunga sanduku langu, nimeazimia kutoroka. Aliyeniona ni dada mmoja wa kujitolea, jirani yangu wa kitanda, ambaye magoti yake bado yalikuwa yamevimba kwa ajili yangu. Hakunisema wala hakunibembeleza.

"Dada," aliniambia kwa sauti ya chini, "kabla hujaondoka niandikie barua kwa mama. Husomewa na mwalimu wa kijiji, nami mwandiko wangu unanitia aibu."

Nikaketi, akaanza kunitajia maneno. Kwamba yu mzima, kwamba chakula kinatosha, na kwamba analala jirani na dada aliyesoma sana, ambaye humfundisha Kiingereza kila jioni. Hapo kalamu yangu ikasita, kwani sikuwa nimemfundisha hata neno moja.

"Andika tu," akasema.

Taa zilizimwa kabla hatujamaliza. Asubuhi nililifungua sanduku ili kutafuta bahasha.