Kuishi na Wadachi: Kutoka Kionga Hadi Berlin

Kila mwanafunzi wetu anapopata nafasi ya kwenda kusoma au kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Ujerumani, maswali anayokuja nayo ofisini ni yaleyale. Baridi itakuwaje? Nyama ya halali inapatikana wapi? Nichukue makoti mangapi? Ni maswali ya msingi, lakini si yale yatakayomkosesha usingizi baadaye. Yanayokosesha watu usingizi ni mkataba, makato ya mshahara, ndoa na siku ya kurudi nyumbani. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba maswali hayo yamekwisha kuulizwa na kujibiwa, tena kwa gharama kubwa, na watu wa pwani yetu waliotutangulia. Tutaanzia mbali kidogo na Berlin, yaani kusini ya mto Ruvuma.

Wadachi walipokuja Kionga

Kionga ni mji mdogo ulio kusini ya mlango wa Ruvuma, katika wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji. Wakazi wa ukanda huo wa pwani huzungumza Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, na wengi wana jamaa upande wa Mtwara. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka wa makoloni yao. Hata hivyo, mwaka 1894 Wajerumani waliichukua Kionga na kipande cha ardhi kilichoizunguka, wakakaa hapo hadi Aprili 1916 Wareno walipoingia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita, mwaka 1919, eneo hilo likathibitishwa kuwa la Wareno.

Kwa hiyo kwa miaka 22 wenyeji wa Kionga waliishi chini ya Mdachi, ilhali jirani zao wa Palma waliishi chini ya Kampuni ya Nyassa, iliyopewa na Wareno mamlaka ya kutawala Cabo Delgado na Niassa kuanzia mwaka 1891 hadi 1929. Mdachi alitumia Kiswahili katika utawala wake: maliwali, maakida na majumbe walipokea na kuandika barua kwa Kiswahili. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898. Mwaka 1904 fedha ilibadilishwa, rupia moja ikawa sawa na hela mia. Neno hela, lililotoka katika Heller ya Kijerumani, tunalo mpaka leo, kama tulivyobaki na neno shule kutoka Schule.

Kwa mtu wa mpakani, mambo haya hayakuwa historia ya vitabuni. Yalikuwa uamuzi wa kila mwaka: nikae upande upi, nilipe kodi kwa nani, na kwa fedha gani? Hili ndilo somo la kwanza. Kuishi na mgeni mwenye nguvu huanza na kuelewa karatasi zake.

Waliovuka bahari

Karibu miongo tisa baada ya Wajerumani kuingia Kionga, safari iligeuka. Tarehe 24 Februari 1979 serikali ya Msumbiji na ile ya Ujerumani Mashariki zilitia saini mkataba wa kupeleka vijana wa Msumbiji kufanya kazi viwandani na migodini huko. Hadi mwaka 1990 zaidi ya vijana 15,000 walikuwa wamekwenda, kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Aidha, kuanzia mwaka 1982 watoto 900 wa Msumbiji walipelekwa katika Shule ya Urafiki mjini Staßfurt.

Uhusiano huo haukuanzia hewani. Wakati wa vita vya ukombozi, vilivyoanzia Chai huko Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO ilikuwa na shule zake Tanzania, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu kutoka Ujerumani Mashariki walifundisha humo. Hivyo kuna watu wa Cabo Delgado waliokutana na Mjerumani kwanza wakiwa Dar es Salaam au Bagamoyo, katika mazingira ya Kiswahili.

Waliorudi kutoka Ujerumani huitwa Madjermane. Walimu wa sarufi wataliona jambo la kufurahisha hapa: jina hilo, lililoenea kutoka Maputo, lina kiambishi cha wingi ma- kilichopachikwa mbele ya jina la Ujerumani. Sisi tukisema Wajerumani tuna maana ya wenyeji wa kule. Madjermane ni Wamsumbiji waliowahi kuishi nao. Kiambishi kimoja tu, na watu wawili tofauti kabisa.

Lugha

Wafanyakazi hao walipewa kozi fupi ya Kijerumani, kisha wakaingia kazini. Mengine yalipitia kwa mkalimani, kutoka Kijerumani kwenda Kireno. Kwa kijana aliyekulia katika Kimwani au Kimakonde, Kireno chenyewe kilikuwa lugha ya shuleni. Maana yake ni kwamba maelezo ya mashine, ya usalama na ya mshahara yalimfikia baada ya kuvuka lugha mbili zisizo zake.

Anayekwenda leo asidanganyike kwamba kwa kuwa kazi yake ni Kiswahili, Kijerumani hakitamhusu. Darasani atatumia Kiswahili, lakini barua ya benki, ya mwenye nyumba na ya bima zitakuja kwa Kijerumani. Tena kuna suala la adabu. Mjerumani hutofautisha du, ya watu waliozoeana, na Sie, ya heshima. Sisi heshima yetu tunaiweka kwingine: katika shikamoo, katika kumwita mtu mama, mzee, kaka au dada, na katika kuuliza habari za nyumbani kabla ya kutaja shida iliyotuleta. Mgeni anayesubiri kuulizwa habari za watoto ofisini anaweza kusubiri sana. Hajadharauliwa, bali adabu ya pale imekaa mahali pengine. Kwa mtu mzima usiyemjua, anza na Sie mpaka mwenyewe akuruhusu vinginevyo.

Mkataba na mshahara

Hapa ndipo penye kidonda. Sehemu ya mshahara wa wafanyakazi wa Msumbiji ilikatwa kila mwezi, mwanzoni asilimia 25 na baadaye hadi asilimia 60 ya kiasi kilichozidi kiwango fulani. Waliambiwa kwamba fedha hizo zinatumwa nyumbani na kwamba watazikuta watakaporudi. Kumbe baina ya serikali mbili makato hayo yalihesabiwa katika kupunguza deni la Msumbiji kwa Ujerumani Mashariki. Vijana waliporudi hawakukuta walichoahidiwa. Wakaanza kuandamana Maputo, na bustani waliyokutania ikajulikana kwa jina lao. Miaka ya 2000 serikali ililipa sehemu ya madai, lakini wengi walisema hailingani na jasho lao, na maandamano hayakukoma.

Waliosalimika kidogo ni wale waliogeuza fedha kuwa vitu mapema. Kwa kuwa marki ya Ujerumani Mashariki haikuwa na thamani nje ya nchi hiyo, walinunua pikipiki, vyerehani, majokofu na redio, wakavipakia katika masanduku makubwa ya mbao na kuvisafirisha kwa meli. Cherehani kilichofika kilikuwa kazi. Fedha iliyobaki katika daftari la serikali ilikuwa ahadi.

Madai ya namna hii yana historia ndefu. Mwaka 1929 Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa askari mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza, alifika Berlin na kudai mshahara wake na wa baba yake ambao jeshi la Wadachi lilikuwa halijawalipa. Alikataliwa. Alibaki Berlin, akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza katika filamu na kusaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu.

Nyumba, ndoa na uzazi

Wafanyakazi wa Msumbiji walikaa katika mabweni, wanaume mbali na wanawake, na wageni walikuwa na saa ya kutoka. Ndoa na Mjerumani ilihitaji kibali. Mwanamke aliyepata mimba aliwekwa katika uchaguzi mgumu: aitoe au arudishwe kwao. Sharti hilo lililegezwa mwaka 1989 tu. Watoto waliozaliwa na akina mama wa Kijerumani mara nyingi walibaki, na baba akaondoka.

Walimu wa Kiswahili nao walijaribiwa kwa jambo hilohilo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903, alifundisha katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin kuanzia mwaka 1900. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske. Mwaka uliofuata walisafiri kuja Afrika Mashariki, lakini serikali ya kikoloni ilikataa kumruhusu mkewe ateremke. Wakarudi Ujerumani. Baadaye Mtoro alifanya kazi Hamburg na Carl Meinhof, na alifariki mwaka 1927 bila ya kurudi kuishi Bagamoyo. Husen yeye alikamatwa mwaka 1941 kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani chini ya sheria za ubaguzi za Wanazi. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Sheria hizo hazipo tena. Nimezitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba ndoa ya mgeni si ya watu wawili tu; daima kuna ofisi ya tatu. Leo ofisi hiyo inahusika na vibali vya ukaazi na vyeti vya kuzaliwa vilivyotafsiriwa na mtafsiri aliyeidhinishwa. Anayejua hivyo huanza kukusanya vyeti akiwa bado nyumbani.

Kubaki au kurudi

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 na viwanda kuanza kufungwa, wengi wa wafanyakazi wa Msumbiji walilazimika kuamua kwa haraka. Aliyekubali kuvunja mkataba aliahidiwa marki 3,000, asilimia 70 ya mshahara kwa miezi mitatu na tiketi ya ndege. Wengi walichukua. Wachache walibaki na kukabiliana na wakati mgumu: mwezi Aprili 1991 Jorge Gomondai alifariki Dresden baada ya kushambuliwa katika tramu na vijana wabaguzi, na mwezi Septemba mwaka huohuo bweni la wageni mjini Hoyerswerda lilishambuliwa kwa siku kadhaa.

Waliorudi nao walikuta nchi ikiwa vitani hadi mwaka 1992. Kaskazini mwa Cabo Delgado amani nayo haikudumu: tangu Oktoba 2017 mashambulizi yaliyoanzia Mocímboa da Praia yamewahamisha watu wengi, na Machi 2021 Palma yenyewe ilivamiwa. Kurudi nyumbani, basi, si lazima kuwe ndio mwisho salama wa safari. Ni uamuzi kama ulivyo uamuzi wa kuondoka, na unahitaji maandalizi yaleyale.

Kwa anayeondoka leo

Kutokana na hayo, ninawashauri wanafunzi na walimu wenzangu mambo yafuatayo:

1. Usitie saini usichokisoma. Omba mkataba mapema, umpe anayejua Kijerumani akufafanulie. Uliza mshahara kabla ya makato na utakaoupata mkononi. Tofauti yake ni kubwa. Uliza pia kila kato linakwenda wapi na kama linarudishwa.

2. Ukihamia katika nyumba, jiandikishe katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili. Bila ya cheti hicho, mambo mengine mengi hukwama.

3. Bima ya afya ni lazima kwa kila mkazi. Usiianze siku unapougua.

4. Mwenye nyumba anaweza kudai amana isiyozidi kodi ya miezi mitatu. Ukitaka kuhama, kwa kawaida unatoa notisi ya miezi mitatu kwa maandishi. Piga picha za chumba siku ya kuingia.

5. Maduka mengi hufungwa Jumapili. Nunua chakula Jumamosi. Nyama ya halali hupatikana kwa urahisi katika maduka ya Waturuki, hasa mijini.

6. Barua ikija, ifungue siku hiyohiyo. Ujerumani barua ina tarehe ya mwisho ya kujibu, na kimya chako kinaweza kuhesabiwa kuwa umekubali.

7. Weka nakala ya kila karatasi, uwe na nyingine nyumbani kwa ndugu unayemwamini. Miongoni mwa Madjermane, aliyekuwa na karatasi zake za malipo alikuwa na la kuonyesha.

Darasani

Walimu wanaweza kuyatumia mambo haya katika vipindi vya ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni na kwa wenyeji vilevile. Zoezi la kwanza: wape wanafunzi mkataba mfupi wa kazi, waueleze kwa Kiswahili chepesi ambacho bibi yao wa kijijini angekielewa. Maneno kama makato, amana, notisi na fidia hujulikana yanapotumika, si yanapokaririwa. Zoezi la pili: waigize mazungumzo ya mfanyakazi, mkalimani na mkuu wa kiwanda, kisha wajadili nini kilipotea njiani. Zoezi la tatu, kwa wanaosoma sarufi: walinganishe wa- na ma- katika majina ya watu na mataifa, wakianza na Wajerumani na Madjermane.

Mtu wa Kionga wa mwaka 1904 alilazimika kuijua hela kabla ya kulipa kodi. Kijana wa mwaka 1984 alipaswa kuelezwa makato yake yanakwenda wapi, na hakuelezwa. Wanafunzi wetu wanaoondoka sasa wanayo nafasi ya kuuliza kabla ya kutia saini. Kazi yetu sisi walimu ni kuhakikisha kwamba wana maneno ya kuulizia.